Sare mbili, nchi moja: Waestonia wa 1944 na filamu iliyobeba jina la mwaka wao

Katikati ya filamu inayoitwa 1944, mtu tuliyemfuata tangu mwanzo anauawa. Anaitwa Karl Tammik, Mwestonia aliyevaa sare ya Kijerumani. Tumekaa naye handakini huku vifaru vya Kisovieti vikija, tumemsikia akimwandikia barua dada yake Aino, na tumejua kinachomnyima usingizi: jamaa zake walikamatwa wakapelekwa Siberia, naye hakuweza kuwaokoa. Sasa ni Septemba. Wajerumani wanarudi nyuma, barabara zimejaa wakimbizi, na kikosi cha Karl kinakutana na Jeshi Jekundu la Kisovieti karibu na Avinurme, mashariki mwa Estonia. Anayempiga risasi ni Jüri Jõgi. Jüri naye ni Mwestonia. Pande zote mbili zinapotambua kwamba zinapigana na watu wa kwao, risasi zinakoma, lakini Karl ameshakufa.

Kuanzia hapo filamu ni ya Jüri. Mwongozaji Elmo Nüganen anamzika mhusika wake mkuu na kutukabidhi kwa mtu aliyemuua. Tunalala naye, tunakula naye, tunaanza kumpenda. Filamu ilitoka Februari 2015. Muswada wake uliandikwa na Leo Kunnas, luteni kanali mstaafu wa jeshi la Estonia. Nimetazama filamu nyingi za vita, na sijaona nyingine iliyoeleza kwa uwazi kama huu maana ya kuandikishwa jeshini kwa lazima katika nchi ndogo. Haielezi kwa hotuba. Inaeleza kwa kubadilisha mtu tunayetazama kupitia macho yake, na kutuacha tugundue wenyewe kwamba tungeweza kuanza na Jüri tukaishia kwa Karl, na hadithi ingebaki ileile.

Ili uamuzi huo wa kisinema ueleweke uzito wake, inabidi kurudi nyuma na kuangalia jinsi Karl na Jüri wa kweli walivyopata sare zao. Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Tarehe iliyochagua sare

Estonia ilitangaza uhuru tarehe 24 Februari 1918, ikaupigania, na Urusi ya Kisovieti ikautambua kwa Mkataba wa Tartu wa tarehe 2 Februari 1920. Ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni 1.1. Kwa miaka ishirini ilikuwa na jeshi lake, na vijana wake waliitwa kulitumikia chini ya bendera yao. Kisha, tarehe 23 Agosti 1939, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti zikatia saini mkataba wa kutoshambuliana, na katika itifaki ya siri zikagawana Ulaya ya Mashariki. Estonia ikaangukia upande wa Moscow. Juni 1940 Jeshi Jekundu likaikalia nchi nzima. Karibu jeshi lote la Estonia halikupigana. Liligeuzwa kuwa sehemu ya jeshi la Kisovieti. Askari aliyekuwa ameapa kuilinda Jamhuri aliamka akiwa na kamanda mpya, nyota nyekundu na ofisa wa siasa wa kumchunguza.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Juni 1941, watu wapatao 10,000 walikamatwa na kusafirishwa kwa mabehewa kwenda mashariki, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Familia ya Karl katika filamu imo katika msiba wa aina hiyo. Siku nane baadaye Ujerumani ikaishambulia Urusi.

Hapo ndipo bahati nasibu ilipoanza kwa wanaume wa Estonia. Katika majuma ambayo Wajerumani walikuwa wanasogea, utawala wa Kisovieti uliwaandikisha wanaume haraka haraka na kuwatoa nchini. Wapatao 33,000 walipelekwa ndani ya Urusi. Wengi wao hawakupewa bunduki, kwa sababu hawakuaminiwa. Walitiwa katika vikosi vya kazi, wakakata miti na kujenga katika baridi ya kaskazini, na katika majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 maelfu wakafa kwa njaa, baridi na maradhi. Waliobaki hai walipata nafuu pale tu Moscow ilipoanza kuunda vikosi vya Kiestonia mwaka 1942. Hivyo ndivyo Kikosi Kikuu cha 8 cha Estonia, chini ya Lembit Pärn, kilivyopata watu wake. Kwa mtu aliyekuwa akifa njaa msituni, sare ya Jeshi Jekundu ilikuwa mkate. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa watu wanaowahukumu kina Jüri wakiwa wameketi sebuleni mara nyingi hulisahau.

Kikosi hicho kilitupwa vitani Velikiye Luki, mji wa Urusi, mwishoni mwa 1942 na mwanzoni mwa 1943, kikapoteza watu wengi mno. Baadhi ya askari wake walivuka upande wa pili wakajisalimisha kwa Wajerumani, na wako waliojikuta baadaye katika sare ya Kijerumani. Kwa hiyo hata ile dhana ya pande mbili zilizotengana kabisa haisimami. Kuna watu waliovaa sare zote mbili katika vita moja.

Waliobaki Estonia walikuta mkono mwingine. Wajerumani walipoingia mwaka 1941 wako waliowapokea kama waokoaji, kwa kumbukumbu ya yale mabehewa ya Juni. Berlin haikuwa na nia yoyote ya kuwarudishia uhuru. Agosti 1942 ilitangaza Jeshi la Kujitolea la Estonia, chini ya Waffen-SS, tawi la kijeshi la SS, shirika la Wanazi, na waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1943 kujitolea kukageuka kuitwa kwa miaka ya kuzaliwa. Vijana waliokataa walijificha misituni au walivuka Ghuba ya Ufini kwa mashua. Zaidi ya 3,000 walifika Ufini na kupigana huko, wengi wao katika Rejimenti ya 200 ya Askari wa Miguu, kwa matumaini kwamba angalau huko wanapigana na adui wao bila kuvaa sare ya mkaliaji mwingine.

Sheria ya kimataifa ilikuwa imeshasema. Kanuni za Hague za 1907 zinamkataza anayeikalia nchi kuwalazimisha wakazi wake waape utii kwake. Madola yote mawili yalifanya hivyo mchana kweupe.

Sauti ya Uluots redioni

Januari 1944 mstari wa Wajerumani mbele ya Leningrad ulivunjika na Jeshi Jekundu likafika mto Narva. Tarehe 30 Januari utawala wa ndani uliowekwa na Wajerumani ukatangaza uandikishaji wa jumla. Wajerumani wenyewe hawakutarajia mengi. Tarehe 7 Februari, hata hivyo, akasema redioni Jüri Uluots, waziri mkuu wa mwisho wa Jamhuri huru. Hadi hapo alikuwa amekataa kuunga mkono uandikishaji wa Wajerumani. Sasa aliwaambia Waestonia waende, na akawadokezea kwamba askari wa Kiestonia waliosimama kwenye ardhi ya Estonia wana maana pana kuliko anayoweza kuitaja pale. Kila msikilizaji alielewa. Mwaka 1918 dola mbili kubwa zilianguka kwa pamoja na Estonia ikapenya katikati. Huenda ikatokea tena.

Wapatao 38,000 walijitokeza.

Hesabu ya Uluots ndiyo kiini cha msiba huu kwangu, na naona filamu imeipitia kwa haraka mno. Mtu mwenye uhalali, aliyechaguliwa na Jamhuri, aliwatuma vijana wa taifa lake ndani ya mashine ya Hitler, akitumaini kwamba watailinda nchi hadi nchi za Magharibi zifike mezani. Hakuwa mpumbavu wala mshabiki wa Wanazi. Alikuwa na siku chache, na chaguzi zote mbele yake zilikuwa mbaya. Wanaume waliomsikiliza walisimama Narva, kisha Julai na Agosti walisimama Sinimäed, vilima vitatu vidogo magharibi mwa Narva ambavyo majina yao kila mtoto wa shule Estonia anayajua: Lastekodumägi, Grenaderimägi na Tornimägi.

Filamu inaanzia hapo. Nüganen hampi mtazamaji ramani wala maelezo marefu. Anampa handaki, udongo unaoporomoka, uzito wa kifaru kinachopita juu ya kichwa. Kuna tukio moja linaloeleza hali ya askari hawa vizuri kuliko kurasa kumi za historia: ofisa wa Kinazi anakuja mstari wa mbele na kuwapa picha za Hitler zenye saini. Wametoka kuzika wenzao, na zawadi waliyoletewa ni sura ya mtu ambaye hawampiganii. Hawawezi kuikataa hadharani, wala hawana mahali pa kuiweka. Ukitaka kuelewa ilikuwaje mtu apigane kwa nguvu zake zote chini ya bendera asiyoiamini, tazama nyuso zao hapo.

Kwa takwimu zinazotumika sana, Waestonia wapatao 70,000 walipita katika vikosi vya upande wa Wajerumani, na wapatao 30,000 upande wa Kisovieti. Chukua idadi hizo uzipeleke katika nchi ya watu milioni 1.1, na utaona kwa nini kila familia ina picha ya mtu mwenye sare, na kwa nini familia nyingi zilikuwa na picha ambazo kwa miaka hamsini hazikuweza kutundikwa ukutani.

Barua inayobebwa na muuaji

Baada ya Avinurme, Jüri anakuta barua ya Karl ambayo haikutumwa na anaamua kuipeleka. Anamkuta Aino Tallinn. Anampa barua, na hamwambii ni nani aliyemuua kaka yake. Mapenzi yanaanza kuchipua juu ya siri hiyo.

Kuna wanaoona sehemu hii ni tamthilia ya kawaida iliyoingizwa ili filamu iwe na mwanamke. Nawaelewa, kwani Aino hakupewa nafasi ya kutosha kuwa mtu kamili. Yumo kusubiri, kusoma na kulia. Lakini ukimya wa Jüri una ukweli wa kihistoria. Ndivyo nchi ilivyoishi baada ya 1944. Aliyekuwa katika Kikosi Kikuu cha 8 alipewa nishani na kuitwa mkombozi. Aliyekuwa Sinimäed alipelekwa kambini au alificha karatasi zake. Waliishi kijiji kimoja, wakaoana, watoto wao wakasoma darasa moja, na mambo fulani hayakusemwa. Jüri na Aino ni nchi nzima iliyoketi katika chumba kimoja cha Tallinn.

Yasiyoonekana

Hapa lazima niikosoe filamu kwa nguvu, kwa sababu naipenda. Filamu inamfanya kila askari wa Kiestonia kuwa mtu aliyesukumwa. Wengi walikuwa hivyo. Mahakama ya Nuremberg yenyewe, iliyowahukumu viongozi wa Wanazi baada ya vita, ilipoitangaza SS kuwa shirika la kihalifu, iliwatenga walioingizwa na dola bila kupewa hiari na ambao hawakutenda uhalifu. Lakini si wote. Kulikuwa na waliojitolea mapema, na kulikuwa na vikosi vya polisi na walinzi wa makambi vilivyowatumikia Wajerumani kwa kazi ambayo haikuwa ya kuilinda Narva.

Wayahudi wa Estonia waliobaki nchini Wajerumani walipoingia, wapatao 1,000, karibu wote waliuawa. Katika mkutano wa Wannsee, Januari 1942, ambako maofisa wa Kinazi walipanga maangamizi ya Wayahudi, Estonia iliorodheshwa kama nchi ambayo tayari haina Wayahudi. Kisha Wayahudi kutoka Vilnius na Kaunas, miji ya Lithuania, waliletwa kwenye kambi za kazi, mojawapo ikiwa Klooga, magharibi mwa Tallinn. Tarehe 19 Septemba 1944, Wajerumani wakijiandaa kuondoka, waliwaua hapo wafungwa wapatao 2,000 na kuchoma miili juu ya marundo ya magogo. Miongoni mwa walinzi wa kambi walikuwemo Waestonia.

Zingatia tarehe hiyo. Ni juma lilelile ambalo Karl na Jüri wanakutana Avinurme. Ni juma lilelile ambalo Uluots alimteua Otto Tief kuunda serikali, na bendera ya bluu, nyeusi na nyeupe ikapandishwa juu ya mnara wa Pikk Hermann mjini Tallinn, ikapepea hadi Jeshi Jekundu lilipoingia tarehe 22. Mambo matatu katika siku chache ndani ya nchi ndogo kiasi hicho: ndugu kuuana, jaribio la uhuru, na marundo ya Klooga. Filamu imechukua la kwanza. Kumweka Karl apite na kuona moshi, au kumsikia mwenzake akisema alikotoka, kusingepunguza huruma yetu kwake hata kidogo. Kungetuonyesha kwamba mstari alioushikilia Sinimäed uliwapa muda pia watu wa namna nyingine, kwa kazi ya namna nyingine. Hakutaka hivyo, wala hakuulizwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na filamu yenye ujasiri wa kumuua mhusika wake mkuu katikati ilikuwa na uwezo wa kulibeba hilo.

Amri ya Sõrve

Kinachoiokoa filamu isiwe malalamiko ya taifa lililoonewa ni sehemu yake ya mwisho, kisiwani Saaremaa, Oktoba na Novemba 1944. Mapigano ya huko yalikuwa ya kikatili. Tehumardi, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Oktoba, askari walichangamana gizani na kupigana ana kwa ana. Katika rasi ya Sõrve kikosi cha Jüri kinawakamata wavulana wa Kiestonia wenye sare za Kijerumani. Ni watoto wa umri wa sekondari. Hili halikubuniwa na mwandishi wa muswada: mwaka huo Wajerumani walikuwa wanawachukua wavulana wa miaka 16 na 17 kuwa wasaidizi wa kikosi cha anga.

Kapteni Kreml, ofisa wa siasa ambaye alishajaribu kumfanya Jüri mtoa habari wake, anamwamuru awaue. Jüri anakataa. Kreml anampiga risasi palepale, na kabla hajaendelea, mwenzake Jüri anampiga Kreml.

Tangu mwanzo filamu imetuonyesha wanaume wasiochagua sare, mahali wala adui. Sasa, kwa mara ya kwanza, mmoja wao amepewa jambo analoweza kulikataa kwa mdomo wake, na analikataa akijua bei. Hapa Nüganen na Kunnas wamesema jambo ambalo mijadala ya lawama huwa inalikosa: dola inaweza kukuchukua, kukuvisha na kukupa bunduki, na bado kubaki na hatua moja ambayo haiwezi kuipiga kwa niaba yako. Karl hakuwahi kufikishwa kwenye hatua hiyo mbele ya macho yetu. Jüri amefikishwa. Walinzi wa Klooga nao walifikishwa, na kwa hiyo kutowaonyesha kunaudhi zaidi.

Mbona bado wanaandikisha?

Mtu angedhani taifa lililopitia haya lingechukia uandikishaji wa lazima milele. Ilikuwa kinyume. Estonia iliporudisha uhuru mwaka 1991 ilirudisha pia jeshi la kuitwa, na haikuacha. Latvia iliufuta utaratibu huo mwaka 2006 na kuurudisha 2023. Lithuania iliusimamisha mwaka 2008 na kuurudisha 2015, mwaka uleule filamu ilipotoka. Estonia iliendelea muda wote, vijana wa kiume wakiitumikia nchi kwa miezi 8 au 11 na kisha kuwa askari wa akiba, na tangu 2013 wanawake wanaruhusiwa kujitolea. Hoja yao inaeleweka ukiitazama kutoka 1944: usipokuwa na jeshi lako, watoto wako watapigana katika la mwingine.

Kumbukumbu yenyewe haijatulia. Mwaka 2004 serikali iliondoa mnara wa Lihula uliomwonyesha askari mwenye sare ya Kijerumani, na wenyeji wakawarushia polisi mawe. Aprili 2007 ilihamisha sanamu ya askari wa Jeshi Jekundu kutoka katikati ya Tallinn hadi makaburi ya kijeshi, na ghasia za siku mbili zikamuua kijana mmoja. Minara miwili, sare mbili, serikali za nchi moja zikihangaika pa kuziweka. Filamu ilifanya kile ambacho minara haiwezi: iliwaweka Karl na Jüri mbele ya watazamaji walewale ndani ya dakika mia moja.

Anayetaka kuifuatilia historia ya askari wa Estonia kwa njia ya sinema aanze na filamu ya awali ya Nüganen huyuhuyu, Nimed marmortahvlil ya 2002, inayotokana na riwaya ya Albert Kivikas. Humo wanafunzi wanaacha madawati yao na kwenda kupigania uhuru mwaka 1918 kwa hiari yao. Baada yake atazame 1944, ili aone ni nini watoto wa hiari ile walichonyang'anywa. Na kati ya hizo mbili atafute habari za Klooga azisome kwa utulivu, kwa sababu hakuna filamu kati ya hizo itakayompeleka huko.